Jalada Langu Juu ya Chetezo

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Watu wa kwetu Malindi wananijua kwa mdomo; mdomo ninao, Mungu kanijaalia, lakini roho yangu imekaa juu juu tangu utotoni. Nimeogopa mbwa, nimeogopa radi, nimeogopa wakwe. Lakini hofu iliyopata kunikausha mate kabisa niliipata kwa sababu ya kitu cheusi chembamba cha mraba, ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa, kilichoitwa disketi.

Ilikuwa miaka ya themanini inakwisha, nami niko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ualimu upande wa Kilifi. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mwenye kauli juu yangu alikuwa ami, ndugu yake baba, na kauli yake aliitoa mara moja tu, amesimama mlangoni kwetu na viatu miguuni: "Miaka miwili. Ukileta cheti, hewala, utakuwa mwalimu. Ukirudi mikono mitupu, sitaki kusikia habari za kurudia mwaka. Utakaa ndani, na mume nitakutafutia mimi." Mama alikuwa ameketi akishona kofia. Hakuinua kichwa. Nami nilimjua ami. Si mtu wa kutisha watu bure, akisema amesema.

Sasa, kule chuoni cheti hakikuja kwa mtihani peke yake. Kila mwanafunzi alikuwa na jalada lake. Ndani yake mlikuwa na maandalio ya masomo yote aliyofundisha wakati wa mazoezi, maoni ya mkufunzi aliyekaa nyuma ya darasa akimtazama, na kurasa alizoandika mwenyewe baada ya kila somo: nimekosea wapi, kesho nitafanyaje. Kila mwisho wa mwaka mtahini alikuja kutoka Nairobi, akalisoma jalada lako ubavuni pako, akakuuliza maswali. Bila jalada hakuna cheti. Na majalada yalikuwa ya karatasi, yamewekwa stoo, na stoo ilikuwa na mchwa.

Lo, mchwa wale! Mwaka uliotutangulia walikuwa wamekula majalada kimyakimya. Kwa nje gamba zima, ukilifungua, ndani udongo mtupu. Mwenzangu wa chumbani, binti wa wakulima wa Matsangoni, alikuwa mmoja wa walioliwa. Yeye babake alimruhusu kurudia mwaka, ndiyo maana tukawa pamoja. Alikuwa mtu wa mzaha mchana kutwa, lakini akisikia kitu kinakwaruza ukutani alinyamaza ghafla, akasikiliza.

Ndipo mkufunzi wetu wa mbinu za kufundisha, kijana wa bara, mtu wa kanisa, mwembamba, miwani imefungwa uzi sikioni, alipokuja na habari yake. Kulikuwa na kompyuta moja iliyoletwa na wafadhili, imekaa ofisini imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi. Akasema majalada yote yataingizwa humo, kisha yahifadhiwe katika disketi, kila mtu na yake.

"Mchwa hali disketi," alituambia. "Na siku moja vyuo vyote vitafanya hivi. Mtakuwa mnabeba kazi yenu yote mfukoni."

Tukaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Chekeni," alisema. "Kesho njooni wawili wawili, na viatu mvue mlangoni."

Tukavivua, kama waendao kusali. Chumba kilikuwa na baridi ya feni na giza la mapazia. Mwenzangu wa Matsangoni alininong'oneza kwamba amesikia mwanga wa ile mashine unakausha kizazi. Nikamwambia asinitie kiwewe. Lakini nilikaa upandeupande, tumbo nimelielekeza ukutani, wallahi, nikawa napiga herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Kila mara stima ilipopotea, na Kilifi ya siku zile stima ilipotea ilivyotaka, kioo kilizimika na maneno yakaenda nacho. Ulisikia chumba kizima kikisema "Yarabi!", Waislamu kwa Wakristo.

Tulipomaliza, mkuu wa chuo akaamuru rafu zote za stoo zichomwe pamoja na karatasi, maana mchwa walikuwa wamekwisha kupanda tena. Moto ukawashwa nyuma ya jiko. Nilisimama nikitazama maandishi yangu yakijikunja, kazi yangu yote ya mazoezi katika shule ya msingi ya Dabaso. Hadi hapo nilikuwa naichukulia disketi kama kitu cha kuchezea. Moto ulipozimika nikatambua kwamba sina kingine.

Ikaja likizo, na mvua za masika. Ofisi ikavuja. Mkufunzi akaona ukungu mweupe umeanza kwenye disketi mbili, akapagawa. Hakukuwa na nakala za pili, kwani disketi zenyewe zilikuwa adimu, zilitafutwa Mombasa kama dawa. Akaona heri atugawie, kila mtu aende na yake kwao. "Zikikaa pamoja zitaharibika pamoja," alisema. Kisha akatusomea masharti kama anayefungisha ndoa: isiguswe maji, isianikwe juani, isikunjwe, isishikwe pale penye dirisha lake dogo, isiwekwe karibu na sumaku. Tukarudia baada yake. Hakusema moshi. Nani wa bara angefikiria moshi?

Nyumbani niliitia kashani, katikati ya leso zangu, nikafunga kwa ufunguo, na ufunguo nikamwachia mama kama kawaida ya nyumba yetu. Na kwa kuwa nina mdomo, nikajitapa. Shughuli moja ya harusi mtaani kwetu, mabibi wamekaa wakichambua mchele, mmoja akaniuliza masomo yanakwendaje. Nikasema, "Bibi, masomo yangu yote, maisha yangu yote, yamo katika kitu chembamba kama kipande cha samli iliyoganda." Wakastaajabu, masalale. Nikaona raha. Mama alinitazama kwa jicho moja, akarudi kwenye mchele wake.

Siku ya kurudi chuoni nilikwenda kununua sabuni. Niliporudi nikapokelewa na harufu ya udi mlangoni. Hilo halikunishtua. Mama alizoea kufukiza nguo zangu kila nisafiripo: chetezo chini na makaa yake, juu yake kile kitenga cha fito, na nguo zimetandazwa juu ya kitenga zipate moshi. Kwetu kitu kipya au kitu cha safari hakitoki nyumbani bila kufukizwa, kwa ajili ya kukinga macho ya watu yenye husuda. Nikaingia uani nikipiga soga. Gauni langu lilikuwa juu ya kitenga. Baibui langu pia. Na juu kabisa, pale kileleni ambapo joto hutoka limekusanyika, ilikuwa ile disketi.

Roho ilinipaa. Niliinyakua. Ilikuwa ya moto, na imepinda pembe mbili kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni.

"Mbona unainyang'anya?" mama aliuliza. "Bado upande wa pili."

"Mama, nani kakwambia uifukize?"

"Aniambie nani? Umekaa mbele ya mtaa mzima ukasema maisha yako yote yamo humo. Kitu kama hicho nikitoe nyumbani hivihivi? Nimetia na ubani." Akanitazama vizuri. "Una nini? Mbona umekuwa kama maiti?"

"Sina kitu, mama. Njaa."

Ningemwambia nini? Kwamba yeye, kwa mkono wake, amenirudisha ndani kwa ami? Nilipiga magoti, nikamwomba radhi kama msafiri yeyote, akanishika kichwa akanisomea dua, na dua ile yote nilikuwa natetemeka. Akadhani naona uchungu wa kuondoka.

Chuoni niliilaza disketi chini ya godoro, nikailalia, nikiomba uzito wangu uinyooshe. Ikanyooka kidogo, kwa nje. Kumpelekea mkufunzi sikuthubutu. Kila asubuhi nilijiambia leo nakwenda, na kila asubuhi nikaona mlango wa ofisi, viatu vimepangwa nje, nikageuza njia. Chakula kikawa hakipiti. Mwenzangu akauliza kama nina mimba. Nikamtukana, naye akanipa nusu ya muhogo wake. Siku ya kurudisha disketi nilitia yangu katikati ya za wenzangu, nikaondoka mbio.

Mtahini akaja. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mpole wa sauti, na upole ule ulinitisha kuliko ukali. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kompyuta. Mwenzangu wa Matsangoni aliingia kabla yangu, akatoka meno yote nje. Disketi yake imefunguka, maswali ameyajibu. Akaniinamia sikioni. "Shoga, mkufunzi ameshika disketi yako, ndiyo inayofuata. Chumba kizima kinanukia. Umeleta jalada ama bibi harusi?"

Nikaitwa.

"Shikamoo mama," nilimwambia mtahini.

"Marahaba. Karibu, keti, tuone kazi yako."

Mkufunzi akaitia disketi. Mashine ikakoroma. Ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, na kwenye kioo yakatoka maneno ya kukataa. Akaitoa, akaifuta, akairudisha. Ikakataa. Akaigeuza kwenye mwanga, akaiona ilivyopinda, kisha akaisogeza puani. Akanitazama.

"Hii imefanywa nini?"

"Imefukizwa."

"Imefu... imefanywaje?"

"Udi, mwalimu. Na ubani. Nyumbani."

Nilitaraji anigombeze. Badala yake rangi ilimtoka, nikatambua kwamba yeye naye anaogopa. Mkuu wa chuo hakuipenda ile kompyuta tangu mwanzo, sote tulijua. Jalada moja likipotea mbele ya mtahini, mambo ya mkufunzi yangeishia hapo. Alitoa wembe kwenye droo, na disketi nyingine iliyokuwa mbovu tangu kununuliwa. Akanieleza kwamba kilichopinda ni gamba tu. Ndani mna utando mviringo, na huo ndio wenye maandishi. Ukitolewa ukaingizwa katika gamba zima, huenda ukasomeka. Ukikwaruzwa, basi tena.

Akaanza kukata. Wembe ukamtetemeka, ukateleza, nusura uingie kwenye dirisha la disketi.

"Mwalimu, nipe mimi!" nilisema, na kwa hasira. Hofu ikinizidi mimi hugeuka hasira. "Mimi nimeshona kofia tangu sijaota meno ya pili. Nipe!"

Akanipa. Nikafuta jasho la vidole kwenye baibui, nikapasua ukingo wa gamba polepole. Utando ukatoka, wa rangi ya hudhurungi, mwepesi kama ganda la kitunguu. Nikaushika kwa ukingo, nikauingiza katika gamba la ile disketi mbovu, baada ya kutoa utando wake. Mtahini alikuwa amesogeza kiti karibu. Mkufunzi akaurudisha mashineni.

Ikakoroma, na safari hii haikukwaruza. Majina ya masomo yangu yakajipanga kwenye kioo, yote. Alhamdulillahi! Mkufunzi akabonyeza la mwisho, somo langu bora, lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliandikia "hongera". Mashine ikakataa. Akabonyeza la kabla yake. Ikakataa. Akapanda nayo hivyo juu, moja moja, yote yakakataa, mpaka likabaki moja, la kwanza kabisa. Hilo likafunguka, herufi safi.

Yaani kati ya yote! Nilitamani stima ipotee. Somo la kwanza lilikuwa la hesabu, la sehemu, nusu na robo. Nalikumbuka kama jana. Siku hiyo kule Dabaso niliwapa watoto mgongo tangu kengele hadi kengele, naandika tu, nafuta, naandika. Mtahini akasoma maoni ya mkufunzi kwa sauti: "Mwanafunzi ameufundisha ubao. Watoto hawakuuona uso wake." Kisha akasoma nilichoandika mimi mwenyewe chini yake: kwamba mtoto mmoja aliuliza swali, nikajifanya sikusikia, kwa sababu niliogopa nikigeuka wataona machoni kwamba sijui.

Jalada lilitakiwa kuonyesha nilikotoka na nilikofika. Mashine imeonyesha nilikotoka, basi. Nikamwona ami mlangoni na viatu vyake.

"Mtoto aliuliza nini?" mtahini alisema.

"Aliuliza, kama nne ni kubwa kuliko mbili, kwa nini robo ni ndogo kuliko nusu."

"Swali zuri. Mimi ndiye yule mtoto. Nijibu."

Nikasimama. Ubao ulikuwa nyuma yangu, na wallahi mwili wangu wenyewe ulianza kuugeukia. Nikauzuia. Mezani palikuwa na lile gamba nililolipasua, limepinda, linanukia udi. Nikalichukua, nikamtazama mama yule machoni.

"Hiki ni kipande cha mkate," nilisema. "Umekaa nacho wewe na ndugu yako. Mkigawana, kila mtu anapata hiki." Nikalikata kwa wembe katikati, nikampa kipande kimoja mtahini na kimoja mkufunzi. "Sasa wamepiga hodi wageni wawili, na kwetu mgeni hafukuzwi. Leteni vipande vyenu." Wakavirudisha, mkufunzi naye kama mtoto. Nikavikata tena. "Hiyo nne ni watu, si mkate. Watu wakizidi, tonge linapungua. Sasa niambie wewe, wakija watu wanane?"

"Nitalala njaa," mtahini alisema.

Nilicheka, nikajisikia nikicheka, nikashangaa. Akaniuliza ningebadilisha nini kama ningepewa lile darasa tena, nikamweleza, na maneno yakaja yenyewe. Mwisho akachukua kipande chake cha gamba, akakinusa.

"Nani amefukiza?"

"Mama yangu. Ameogopa macho ya watu. Sijamwambia kwamba imeharibika, na sitamwambia."

"Usimwambie," alisema. "Mimi nilipoondoka kwetu kwenda chuo, mama yangu alinitemea mate kifuani kunibariki. Niliona aibu hiyo, mbele ya watu! Sikuifuta lakini." Akakitia kile kipande kwenye mkoba wake, akaandika kitu, akamwita mwanafunzi anayefuata.

Cheti nilikipata. Sitasema nilifaulu vizuri sana, lakini nilifaulu. Nilikipeleka Malindi kifuani, ndani ya nguo, nikihofia kila kitu, upepo, jasho, watoto. Ami alikisoma pande zote akitafuta kasoro, akakohoa, akasema hewala, akaenda zake. Tukabaki mimi na mama uani.

"Ile bahasha yako nyeusi ilikufaa?" aliniuliza.

"Ilinifaa, mama."

"Si nilikwambia." Akainuka, akaleta chetezo, akapuliza makaa. "Lete hicho nacho."

Karatasi, na makaa! Nilisogea karibu, nimekodoa macho, mkono tayari kunyakua. Akakishika cheti kwa mikono miwili, juu ya moshi, na ndipo nikaona mikono yake inavyotetemeka. Mikono ya mama haikutetemeka kamwe. Ingetetemeka angewezaje kushona?

"Mama, unaogopa nini? Si nimekwisha kufaulu?"

"Ndilo nililokuwa nikiliogopa," alisema. Hakunitazama, aliutazama moshi. "Wanaofaulu hupelekwa kufundisha mbali. Nimebaki na nani mimi katika nyumba hii? Siku ile ya bahasha nilikaa na chetezo mbele yangu, nikajiambia, nikiacha kuifukiza, pengine hatafaulu, atarudi akae na mimi."

"Na mbona ukaifukiza?"

"Ungekuwa na mtoto usingeuliza."

Kisha akakigeuza cheti, akakifukiza na upande wa pili.